Ufunguo Wako Unalala Wapi?

Suruali yangu niliikuta nyuma ya choo saa kumi na mbili asubuhi, imetupwa juu ya majani makavu ya mpapai, mifuko imetolewa nje kama ndimi. Kitambulisho cha taifa kilikuwepo. Picha ya mama ilikuwepo. Pesa ya kodi haikuwepo, wala simu niliyoiacha ikichaji kwenye meza ya dirishani. Mlango wa chumba changu ulikuwa wa mninga, wenye kitasa na komeo kwa ndani, na dirisha lilikuwa na nondo nene ambazo mwenye nyumba alizisifia sana siku ya kunipangisha. Hakuna kilichovunjwa. Mwizi alikata pembe ya wavu wa mbu kwa wembe, akapitisha mti mrefu wenye ndoano, akavuta alichokiona.

"Umevuliwa," aliniambia mzee wa chumba cha kona, na uwanja mzima ukacheka kabla ya kunipa pole. Neno lake lilikuwa sahihi kwa maana zote mbili: nilivuliwa suruali, na nilivuliwa kama kolekole.

Wengine walisema nimepuliziwa dawa ya usingizi. Maelezo hayo yanapendwa sana hapa Dar es Salaam, nadhani kwa sababu hayamwachii mtu aibu. Mimi najua nilivyolala. Nilirudi kutoka kazini saa tano usiku nimechoka, nikawasha feni inayonguruma kama mashine ya kusaga, nikatundika suruali kwenye msumari hatua moja kutoka dirishani. Dawa ya nini tena?

Tangu siku hiyo swali la kama mlango wangu ni mgumu nimeliacha. Ninachojiuliza ni hiki: mwizi atahitaji dakika ngapi hapa, atapiga kelele kiasi gani, na nani atamwona? Wezi wengi wa majumbani ni watu wanaopita tu. Kaona geti liko wazi wakati mwenyewe kaenda dukani kununua mkate, kaona mtungi wa gesi umewekwa barazani, kaona laptopu mezani kupitia pazia jepesi taa ikiwa imewaka. Hana haja ya kushindana na kufuli wakati nyumba ya pili haina. Ndiyo maana mengi ya kujilinda ni ya bei ndogo, na baadhi hayana bei kabisa.

Anza na dirisha, maana ndilo tunalolisahau. Jioni moja toka nje na fimbo ya ufagio, simama kwenye kila dirisha, ujifanye mwizi kwa robo saa. Chochote unachoweza kukigusa kwa fimbo hiyo, kihamishe. Kitanda kikae mbali na dirisha kadiri chumba kinavyoruhusu, mkoba na suruali vilale upande wa pili, simu ichajiwe mahali ambapo hata ukiiona kutoka nje huwezi kuifikia. Chumba kikiwa kidogo, fundi wa kuchomelea anaweza kuongeza wavu wa chuma wa matundu madogo juu ya nondo zilizopo. Hewa inapita, ndoano haipiti.

Nondo zenyewe zikague kwa mambo mawili. La kwanza ni nafasi kati ya moja na nyingine: ikizidi upana wa kiganja chako, yaani sentimita kumi hivi, jua kwamba hata mtoto mwembamba anaweza kujipenyeza, na wapo wakubwa wanaowatuma watoto. La pili ni mahali zilipoanzia. Nondo iliyozama ndani ya tofali kabla ya ukuta kupigwa lipu ni kitu kingine kabisa na fremu nzima ya nondo iliyobandikwa kwa skrubu nne upande wa nje. Ile ya nje inafunguliwa kwa bisibisi, kimyakimya, tena mwizi akiwa mstaarabu anakuwekea skrubu pembeni.

Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana udhaifu wake: komeo lake dogo likilegea, kioo kinatelezeshwa kutoka nje. Kata ufito wa mbao unaolingana na sehemu ya reli ya chini inayobaki wazi dirisha likifungwa, uulaze humo. Halitateleza tena mpaka uutoe. Vile vioo vya kupangana vinavyofunguka kama mbavu za samaki vinatolewa kimoja kimoja kwa mkono. Vigundishwe kwenye vishikio vyake kwa gundi ya silikoni.

Mlangoni sasa. Watu hununua kufuli la bei kubwa wakadhani kazi imekwisha. Nenda kaangalie tumbuu, ile pete ya chuma inayoshika kufuli. Kwenye nyumba nyingi nilizokaa, kufuli zito lilikuwa limening'inia kwenye tumbuu iliyoshikwa na skrubu mbili za nusu inchi. Mwizi wa mlango wa namna hiyo hana habari na kufuli lako. Anaingiza bisibisi au kipande cha nondo nyuma ya tumbuu, anakandamiza mara moja, na kufuli linaanguka chini likiwa bado limefungwa. Dawa yake ni boliti zinazopita ubao mzima hadi ndani, zikabanwa na nati kwa upande wako, na kibati kinachofunika vichwa vya boliti mlango ukifungwa. Fundi seremala anaimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Kufuli lenyewe liwe na shingo fupi na nene, maana shingo ndefu ndiyo inayopitisha mtarimbo. Na ukinunua mawili ya aina moja, jaribu ufunguo wa hili kwenye lile ukiwa bado dukani. Utacheka. Makufuli ya bei rahisi hufunguliana kama ndugu.

Ubao nao una mambo yake. Milango ya flashi, iliyotengenezwa kwa plaiwudi mbili nyembamba na uwazi katikati, inafaa chumbani na stoo. Ukiifanya ya nje, teke moja linatosha. Kama mlango wako wa nje unafungukia nje, bawaba zake ziko mikononi mwa yeyote anayepita: pini inagongwa, inatoka, mlango unaegama upande usio na kitasa. Pigilia misumari minene miwili upande wa bawaba, vichwa vikakatwe, na utoboe matundu kwenye fremu yatakayoipokea mlango ukifungwa. Hapo hata pini zikitolewa, mlango haubanduki. Na fremu iwe imeshikwa na vyuma vilivyozama ukutani. Fremu iliyoshikiliwa na lipu peke yake inatoka na mlango wake, kitasa na kila kitu.

Kuna jambo ambalo nililijua kwa kuchelewa: kufuli linaloning'inia nje mchana ni tangazo. Linasema wenyewe hatupo. Kitasa kilichozama ndani ya ubao hakisemi chochote; anayepita hawezi kujua kama mama yuko jikoni au yuko Kariakoo. Kwa anayeweza kuchagua, kitasa kwanza, kufuli liwe nyongeza ya usiku na ya safari.

Ufunguo ni mali peke yake. Ukihamia chumba kipya, jiulize ni wangapi wamewahi kuwa nao: mpangaji aliyepita, dalali, fundi rangi, shemeji wa mwenye nyumba aliyelala hapo wiki mbili. Fundi wa funguo wa kando ya barabara anachonga nakala muda wa kunywa soda. Ongea na mwenye nyumba, ubadilishe silinda ya kitasa wiki ile ile ya kuhamia. Ni gharama ndogo ukilinganisha na kodi ya miezi sita uliyokwisha kulipa. Usiuache ufunguo wa nyumba kwenye mkufu mmoja na wa gari unapolipeleka gari kuoshwa. Usiufunge na karatasi yenye namba ya nyumba. Kuhusu kuuficha chini ya zulia la mlangoni, juu ya fremu, ndani ya kiatu kikuukuu au chini ya chungu cha maua, kumbuka tu kwamba mwizi naye amekulia kwenye nyumba ya namna hiyo. Mwachie jirani.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wenye kuta ndefu. Ukuta wa futi nane wenye vipande vya chupa juu yake unamzuia mtu kwa dakika moja, lakini akishauruka unamficha kwa saa nzima. Anafanya kazi yake kwa nafasi, hakuna anayemwona. Uwanja wetu wa Mbagala haukuwa na ukuta, na mchana ulikuwa salama kuliko kasri lolote, kwa sababu palikuwa na mama mmoja aliyekaanga vitumbua barazani kuanzia alfajiri na kujua kila mguu unaoingia. Nilivuliwa usiku, yeye akiwa amelala. Kama una ukuta, sehemu ya mbele iwe na nondo au matofali ya matundu ili barabara ione ndani. Uzio wa michongoma nao una sifa mbili ambazo tofali halina: unachoma, na hauwezi kukaliwa juu.

Mwizi anayepima nyumba mchana hutumia adabu zetu wenyewe. Anapiga hodi. Akiitikiwa, anamuulizia mama Asha au fundi Juma ambaye hajawahi kuishi hapo, anaomba radhi, anaondoka. Asipoitikiwa hodi ya tatu, amepata alichokuja kukitafuta. Mtu akikuulizia jina usilolijua, usimjibu "hayupo" ukarudi jikoni. Muulize ametoka wapi, ameelekezwa na nani, mtazame usoni, kisha mtaje kwa jirani: amepita kijana wa shati la kijani anamtafuta mama Asha. Mara nyingi utasikia naye alipigiwa hodi hiyo hiyo. Anayejitambulisha kuwa ametoka kampuni ya umeme au ya maji aoneshe kitambulisho akiwa nje ya geti, nawe upige simu ofisini kwao kuuliza kama wana kazi mtaani kwenu leo. Fundi wa kweli hakasiriki.

Watoto wafundishwe jibu moja: mama anaoga. Hata kama mama yuko Morogoro, anaoga.

Dada wa kazi hulaumiwa kabla ya mtu yeyote, na nimeshuhudia mmoja akifukuzwa kwa pete iliyokuja kuonekana baadaye kwenye mfuko wa koti la mwenye nyumba. Mchukue kwa utaratibu: nakala ya kitambulisho, namba za ndugu zake, mdhamini anayejulikana, ukamtambulishe serikali ya mtaa. Mlipe kwa wakati. Kisha mpe mamlaka ya kukataa kumfungulia mtu, hata akiwa binamu yako aliyevaa suti. Nyumba nyingi zimeibiwa kwa sababu binti aliogopa kumuudhi mgeni.

Ulinzi wa majirani tumeurithi wenyewe. Sungusungu walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakipambana na wezi wa ng'ombe. Mfumo wa mabalozi wa nyumba kumi ni wa zamani zaidi, wa enzi za TANU, na Wakenya nao walilichukua jina la Nyumba Kumi mwaka 2013. Leo mtaa una kundi la WhatsApp, ambalo lina kasoro moja: likijaa picha za maua na salamu za asubuhi njema, ujumbe wa saa tisa usiku hakuna anayeufungua. Mtaa wetu umefungua kundi la pili ambalo haliruhusu neno lolote isipokuwa dharura. Kila nyumba pia ina filimbi. Filimbi haihitaji chaji wala bando, na mtu aliyeshikwa na hofu anaweza kuipuliza hata sauti ikiwa imemkauka.

Kama unafuga, mbwa anayebweka ovyo kila saa ni sawa na asiyebweka. Wasiopenda mbwa wafuge bata bukini au kanga. Hawa wakiona mgeni usiku mtaa mzima utajua.

Taa ya nje nayo iwe na akili. Ikiwaka mchana na usiku wiki nzima inasema kile kile kinachosemwa na kufuli. Zipo taa za sola zenye sensa zinazowaka mtu akipita mbele yake, na sasa zinauzwa hadi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi vya mitaani. Iwekwe juu, pasipofikiwa na mkono, ielekee mlango wa nyuma kuliko wa mbele. Mlango wa mbele una barabara ya kuulinda. Na umeme ukikatika kwako peke yako huku kwa jirani taa zinawaka, usikimbilie nje kwenye swichi kubwa. Chungulia kwanza, mpigie jirani, subiri. Vivyo hivyo bomba la uani likianza kumwaga maji lenyewe usiku wa manane.

Desemba ni mwezi wa wezi hapa mjini. Wachaga wanapanda kwenda Moshi, na wengine wengi wanaelekea kwao, mitaa mizima inabaki na makufuli. Ukisafiri, nyumba isionekane imesafiri. Uwanja usiofagiwa siku tatu, majani ya mwembe yakajaa hadi kizingitini, unajisemea wenyewe. Mpe mtu kazi ya kufagia, kuwasha taa jioni na kuizima asubuhi, kuanika hata kanga mbili kwenye kamba. Picha za Kilimanjaro ziweke ukisharudi. Ukiziweka kwenye status ukiwa bado kwenye kihamba, shamba la ukoo, umewaarifu watu mia tatu, na humo yumo fundi bomba uliyehifadhi namba yake miaka minne iliyopita. Msiba nao una hatari yake: saa ya mazishi inajulikana na mtaa mzima, na nyumba yenye rambirambi inabaki tupu. Chagueni watu wawili wasioenda makaburini.

Kuhusu mali yenyewe, chukua jioni moja na daftari. Kila chombo cha thamani kina namba yake: televisheni mgongoni, friji kwenye kibandiko cha ndani, pikipiki kwenye chesisi. Kwa simu bonyeza *#06#, namba ya IMEI itajitokeza yenye tarakimu kumi na tano. Ziandike, piga picha za vitu na risiti, zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe ili zisiibiwe pamoja na simu. Kisha chora alama. Madereva wa Dar es Salaam walilijua hili zamani: gari lina namba zake zimechorwa kwenye kila kioo na kwenye saiti mira, kwa sababu saiti mira yenye namba ya mtu haina soko. Mtungi wa gesi, pampu ya maji, paneli ya sola, hata baiskeli ya mtoto vinaweza kuchorwa jina kwa ncha ya msumari.

Na kama kuna anayekuuzia simu ya laki nne kwa elfu themanini, haina boksi, haina risiti, ana haraka, ujue yule kijana mwenye ndoano anafanya kazi kwa ajili yako. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na polisi wakiifuatilia simu wanaanza na aliyenayo.

Pesa ni mazungumzo mengine. Kibubu chini ya kitanda, bahasha ndani ya Kurani au Biblia, noti kwenye debe la unga: hizi ndizo sehemu za kwanza kupekuliwa. Makasha ya zamani ya Zanzibar yalikuwa na droo za siri, na kila aliyewahi kuliona moja anajua pa kubonyeza. Vikundi vya kuweka na kukopa vina utaratibu ninaoupenda, wa kisanduku cha chuma chenye makufuli matatu, funguo kwa watu watatu, kisanduku kwa wa nne. Utaratibu huo unazuia mwanakikundi kuiba. Haumzuii mwizi kubeba kisanduku kizima. Kikao kikiisha, pesa ziende benki au kwenye simu, kisanduku kibaki na daftari.

Simu ikiibiwa, usianze kwa kuililia. Azima ya jirani, piga mtandao wako wafunge laini mara moja, maana anayekuibia leo anataka pochi iliyomo ndani kuliko simu. Tumia namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa. Piga *106# mara kwa mara uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako; usiyoitambua ikafutwe. Na ule ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", anaoujua kila Mtanzania, upeleke kwenda 15040.

Nyaraka, yaani vyeti vya shule, vya kuzaliwa, hati ya kiwanja na kadi ya gari, hazina faida kwa mwizi, ila huchukuliwa kwa kuwa zilikuwa kwenye mkoba mzuri. Ziweke kwenye chombo kibaya. Za kwangu zimo kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko unaobana, ambayo pia imezivusha salama kwenye mafuriko mara moja.

Hebu sasa tuseme imetokea. Umerudi jioni ukakuta mlango umeegama. Usiingie. Anaweza kuwa bado yumo, na mtu aliyebanwa kwenye kona ni hatari kuliko mwizi. Rudi nyuma, piga 112, mwite mwenyekiti wa mtaa au mjumbe, subiri watu. Mkiingia msishike vitu wala msipange chochote kabla polisi hawajaona. Kituoni hakikisha umepewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako. Bila hiyo hakuna bima wala ufuatiliaji. Aliyejeruhiwa achukue fomu ya PF3 kwa ajili ya hospitali, na akiwa hoi apelekwe kwanza, fomu ifuate.

Ukimsikia ndani wakati umelala, washa taa, piga kelele ukiwa chumbani kwako, puliza filimbi, na umwachie njia ya kutokea. Usisimame mlangoni. Televisheni inanunulika.

Nina neno pia juu ya wale ambao magazeti huwaita "wananchi wenye hasira kali". Ukelele wa "mwizi!" unaweza kumuua mtu ndani ya dakika tano, na aliyeuawa anaweza kuwa kijana aliyepotea njia au mgonjwa wa akili. Sheria inamruhusu raia kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kumpiga mtu aliyekwisha kukamatwa ni kosa, na akifa ni mauaji, ya kila aliyeshika fimbo. Balozi wetu husimama na daftari na kuandika majina ya waliokusanyika. Mikono mingi hushuka jina likiandikwa.

Nimebakiza jambo ambalo mafundi wa nondo hawalitaji. Kila kinachomzuia mwizi kuingia kinaweza kukuzuia wewe kutoka. Machi 2001, bweni la wavulana la shule ya sekondari Kyanguli, Machakos, liliteketezwa usiku. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na nondo. Walikufa wanafunzi 67. Ninapopita kwenye nyumba za siku hizi zenye nondo kila dirisha, geti la chuma mbele ya mlango wa mbao na kufuli kwa ndani, huwa nafikiria jiko la gesi, mshumaa na ile chaja ya bei rahisi iliyoachwa kwenye soketi.

Kwa hiyo angalau dirisha moja kwenye upande wa vyumba vya kulala liwe na nondo za kufunguka kwa ndani, kama kigeti, zenye bawaba na komeo. Fundi akishangaa, mwambie afanye tu. Usiku makufuli ya ndani yapungue. Makomeo mazito mawili yanayovutwa kwa mkono ni bora kuliko kufuli linalotafutiwa ufunguo gizani. Ufunguo unaobaki uwe na msumari wake, karibu na mlango ila mbali na ndoano ya dirishani, chini kiasi cha kufikiwa na mtoto wa miaka saba. Namba ya zimamoto ni 114, iandikwe ukutani.

Juzi tulijaribu nyumbani kwangu. Nilizima taa zote saa tatu usiku, nikawaambia watoto: moto uko jikoni, tokeni. Tulifika uwanjani baada ya dakika mbili na nusu, kwa sababu ufunguo wa geti ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu, na suruali nilikuwa nimeificha vizuri mno. Nikapigilia msumari usiku ule ule. Mara ya pili tulitumia sekunde thelathini na tano, na aliyefungua geti alikuwa binti yangu wa darasa la pili, ambaye sasa kila akienda kulala anapita kwanza mlangoni kuugusa ufunguo kama upo.